Jinsi ya kubeba upanga wa Zama za Kati: kiunoni, begani, mgongoni au mkononi

Upanga wa Zama za Kati za Ulaya ulibebwa kutwa nzima na kufutwa, yaani kuchomolewa alani, mara moja, au usifutwe kabisa. Mwenyewe alitembea nao, akakaa nao kitako, akapanda nao ngazi na farasi, akapita nao sokoni katikati ya watu na mitungi. Kwa hiyo mtu akiniuliza ni njia gani nzuri ya kuubeba, simwulizi kwanza anataka kuutoa kwa kasi gani. Namwuliza atakaa wapi.

Somo hilo nililipata kwa aibu. Mara ya kwanza kuvaa upanga nilikuwa kwenye soko la maonyesho ya Zama za Kati, Ujerumani. Mtu akaniita, nikageuka kumwitikia, na ncha ya ala iliyokuwa nyuma yangu ikafagia vikombe vitatu vya udongo juu ya meza. Nilivilipa vyote. Upanga wenyewe sikuufuta hata mara moja siku ile.

Mwongozo huu ni wa anayejiandaa kwa maonyesho, tamthilia, filamu, au mazoezi ya upanga wa kihistoria. Huhitaji kuwa na upanga ili uanze. Karibu kila jaribio hapa chini unaweza kulifanya nyumbani kwa mpini wa fagio, bomba la plastiki la maji na mikanda miwili.

Hatua ya kwanza: pima chuma, kisha jipime mwenyewe

Tuelewane maneno machache. Kengee ni chuma chote kinachotoka kwenye mpini hadi ncha. Msalaba ni kile chuma kinachokatiza kati ya mpini na kengee. Kirungu ni uzito ulio mwisho wa mpini. Ala unaijua.

Upanga wa mkono mmoja, ule wa kawaida wa karne ya 11 hadi ya 14, una kengee ya sm 70 hadi 80 na uzito wa kilo 1 hadi 1.3. Upanga wa mikono miwili wa karne ya 14 na 15 una urefu wa sm 110 hadi 130 kwa jumla, na uzito wa kama kilo 1.2 hadi 1.6. Watu hudhani vitu hivi vilikuwa na kilo kumi. Aliyesema hivyo hajawahi kushika hata kimoja. Halafu kuna yale majitu ya karne ya 16, Zama za Kati zikiwa zimekwisha: sm 160 hadi 180, kilo 2 hadi 3. Hayo tutayaona mwishoni kwa kifupi, maana njia zake za kubebwa ni chache.

Pima kengee yako. Sasa simama wima, kunja ngumi, na mtu akupimie kutoka bega hadi katikati ya ngumi. Mwenye kimo cha sm 170 atapata kama sm 60, pengine 65. Iandike namba hiyo.

Ukitaka kujaribu bila upanga, kata mti wenye urefu wa kengee ukiongeza sm 20 za mpini, na ufunge kijiti cha kukatiza mahali pa msalaba. Bomba lenye upana wa kutosha mti uteleze ndani yake litakuwa ala. Liwe refu kama kengee, lisiwe fupi, la sivyo jaribio litakudanganya.

Hatua ya pili: ondoa mgongo kwenye orodha

Naanza na mgongo kwa sababu ndio kila mtu anautaka. Sinema zimemwonyesha shujaa anapeleka mkono nyuma ya bega na chuma kinatoka kikilia. Fanya hesabu. Ngumi inaanzia nyuma ya shingo na kwenda juu mpaka mkono umenyooka. Imesafiri kama sm 60, ile namba uliyoiandika. Kengee ya sm 75 bado ina sm 15 ndani ya ala, na wewe umesimama mkono juu kama anayeomba ruhusa ya kwenda chooni.

Mafundi wa filamu hulizunguka tatizo hili kwa ala fupi, au ala iliyopasuliwa ubavuni. Kwenye picha inapendeza. Lakini ala iliyopasuliwa huingiza mvua na vumbi, na kuurudisha upanga humaanisha kuitafuta tundu usiyoiona huku ncha ikipapasa karibu na kisogo chako. Sanamu na michoro ya Ulaya ya wakati ule huonyesha upanga kiunoni, tena na tena.

Mgongo una kazi yake hata hivyo: kusafirisha. Ukiwa na mwendo mrefu, au unapanda mlima na unataka mikono yote miwili, funga upanga ndani ya ala, funga ala mgongoni, uende zako. Ukiuhitaji, unavua mzigo wote chini kwanza.

Hatua ya tatu: kiuno cha kushoto

Hapa ndipo pa kutumia muda wako na fedha zako. Kwa anayetumia mkono wa kulia, upanga unakaa kushoto. Wa mashoto ageuze kila ninachosema. Sababu ni ile ile ya hesabu. Mkono unaanzia nyonga ya kushoto, unavuka tumbo na kupanda hadi juu kulia. Safari hiyo inafika karibu mita moja, na mkono wa kushoto ukiivuta ala nyuma unapata sm 10 au zaidi za nyongeza. Kengee ya sm 80 inatoka bila shida, na ya sm 90 inatoka kwa mazoezi.

Kwa nini isiwe kulia? Jaribu na ule mti wako. Kiwiko kinapanda hadi usawa wa bega, kisha kinakwama, chuma bado kiko ndani. Upande wa kulia ni wa silaha fupi. Askari wa miguu wa Roma aliweka kulia upanga wake uliokuwa na kengee ya takribani sm 50. Mmasai huvaa sime yake kulia vilevile, imebanwa juu kiunoni, na haimsumbui akikimbia. Askari wa farasi wa karne ya 14 naye aliweka kisu kirefu kulia, upanga kushoto.

Kuning'iniza ala kwenye mkanda wa suruali kwa kitanzi kimoja ndilo kosa la wengi, na ndilo lililovunja vile vikombe vyangu. Kitanzi kimoja kinaifanya ala ibembee kama pendulamu: inapiga goti, inazunguka mbele unapoinama, inajitokeza nyuma unapogeuka. Mafundi wa zamani walilijua hilo. Wafranka wa karne ya 9 walikuwa na mikanda ya upanga iliyogawanyika, ikiunganishwa kwa kipande cha chuma chenye pembe tatu kama jani. Vipande hivyo vilipofika Skandinavia wanawake wakavifanya bizimu za kufungia nguo, na mafundi wa huko wakaanza kutengeneza za kwao kwa umbo hilo.

Mfumo ninaoupenda mimi ni wa karne ya 12 na 13, kwa sababu hauhitaji chuma hata kimoja. Unaweza kuuona kwenye sanamu za kanisa kuu la Naumburg, Ujerumani, zilizochongwa katikati ya karne ya 13. Mwanamfalme Fernando de la Cerda wa Castilla, aliyefariki mwaka 1275, alizikwa na upanga wake katika monasteri ya Las Huelgas, Burgos, na kaburi lake lilipofunguliwa katika karne ya 20 vitu vingi vilikutwa salama. Mkanda wa mfumo huo utengeneze hivi:

1. Tafuta ngozi ya ng'ombe iliyotiwa dawa kwa magome, unene wa mm 3, upana wa sm 3 hadi 4. Kata vipande viwili. Kirefu kizunguke kiuno chako na kibakishe nusu mita. Kifupi kiwe cha sm 30 hivi.

2. Chana mwisho mmoja wa kila kipande uwe gidamu mbili au tatu nyembamba. Loweka sehemu hiyo tu katika maji ya vuguvugu mpaka ilainike.

3. Kipande kifupi kifungwe chini kidogo ya mdomo wa ala, gidamu zikizunguka ala na kukazwa. Hiki ndicho kitakachopita mbele ya tumbo.

4. Kipande kirefu kifungwe sm 15 hadi 20 chini ya hapo. Hiki kitapita nyuma ya mgongo, kizunguke nyonga ya kulia na kurudi mbele.

5. Unganisha vifungo hivyo viwili kwa gidamu inayopanda kwenye uso wa ala, ili cha chini kisiteleze. Acha ikauke usiku mzima. Ngozi ikikauka hujikaza yenyewe.

6. Toboa mipasuo miwili mwisho wa kipande kifupi. Chana mwisho wa kile kirefu uwe mikia miwili, ipitishe kwenye mipasuo, ifunge fundo mbele. Ukipenda bizimu weka bizimu, lakini fundo hurekebishika ukivaa nguo nzito au ukishiba.

Uzuri wote uko kwenye ile tofauti ya sm 15 au 20. Mbele inavuta juu, nyuma inavuta chini, basi ala inalala kwa mshazari, mpini mbele na ncha nyuma ya kisigino. Haibembei tena. Ukiongeza tofauti, ala inalala zaidi, jambo linalofaa upanga mrefu usiburure ncha chini. Ukipunguza, inasimama karibu wima, jambo linalofaa kwenye msongamano wa watu. Anza na mshazari wa wastani, tembea nao siku moja, kisha ufungue gidamu na kurekebisha.

Usiutundike kwenye mkanda ulioshikilia suruali. Upanga na ala vina karibu kilo 2, vyote upande mmoja. Suruali na upanga viwe na mikanda tofauti, na wa upanga uwe juu ya nguo zote, ukikaa juu ya mfupa wa nyonga.

Katika karne ya 14 gidamu zilianza kuacha nafasi kwa pete na vifungo vya chuma, na mkanda wenyewe ukashuka hadi nyongani. Ukifika Canterbury, Uingereza, kaburini kwa Edward, yule mwana wa mfalme aliyefariki 1376, utasikia kwamba ala yake ilihifadhiwa pamoja na kofia yake ya chuma na ngao, ila upanga haupo. Pete ni rahisi kuvua na kuvaa, hilo nakubali. Lakini hulia kila hatua, na fundi wa kukutengenezea vizuri atakutoza kuliko mtengeneza ala.

Hatua ya nne: jifunze mkono wa kushoto

Mkono wa kushoto ndio unaoendesha ala. Ukitembea njiani, kiganja kinapumzika juu ya kirungu. Ukiingia kwenye watu wengi, vuta mpini juu na mbele ili ala isimame wima ikifuata mguu. Ukishuka ngazi, kandamiza kirungu chini ili ncha inyanyuke nyuma, la sivyo itagonga kila kidato unachokiacha. Na kabla ya kugeuka, shika ala. Ningeandika sentensi hiyo kwa wino mwekundu.

Kukaa: kigoda au benchi lisilo na mikono halina tabu, sukuma ala nyuma na ukae. Kiti chenye mikono, kiti cha gari, au meza iliyobanana, vua upanga. Hapo ndipo fundo linalofunguka upesi linapolipa.

Kufuta nako kunaanza na mkono huo huo. Shika mdomo wa ala, inamisha mpini kidogo juu. Tazama nani amesimama mbele yako upande wa kulia, maana huko ndiko chuma kinakoelekea. Mkono wa kulia unavuka, unashika mpini, unavuta kwa mstari mmoja kwenda juu kulia huku wa kushoto ukirudisha ala nyuma. Vidole vya kushoto visikumbatie ukingo wa ala upande wa makali. Ala ya ngozi tupu hukatwa na upanga mkali kutoka ndani, na vidole vyako viko nje yake.

Kurudisha ndiko kunakojeruhi watu zaidi kuliko kufuta. Geuza uso, tazama mdomo wa ala, weka ubapa wa kengee karibu na ncha juu yake, vuta upanga hadi ncha ianguke ndani, kisha sukuma polepole. Wapo wanaojivunia kurudisha bila kutazama. Waache.

Hatua ya tano: mkanda wa begani, kama una sababu

Mkanda unaotoka bega la kulia hadi nyonga ya kushoto ni wa kale kuliko Zama za Kati na umeenea mbali. Upanga mrefu ulionyooka wa Waarabu wa Oman nao uliwahi kutundikwa begani hivyo, na washairi wetu wa tenzi waliuimba upanga wa feleji, ambao ni wa aina hiyo: mrefu, umenyooka, una makali pande mbili.

Faida yake ni uzito kuondoka kiunoni, na kuvuliwa kwa mara moja kupitia kichwani. Unafaa mtu aliyevaa kanzu au joho lisilofungwa kiunoni. Hasara unaiona ukikimbia: ala inatangulia mbele kati ya miguu. Dawa ni kuufunga mkanda wa pili kiunoni juu yake. Ukifanya hivyo basi umerudi kiunoni, na swali ni kwa nini hukuanzia huko. Juu ya deraya ya mabamba usijaribu kabisa, mkanda unateleza begani kama mvua kwenye bati.

Kuna minyororo pia. Baadhi ya sanamu za makaburi za karne ya 14, hasa Ujerumani, zina mnyororo kutoka kifuani hadi kwenye mpini. Haubebi upanga, unazuia usipotee ukikuponyoka juu ya farasi. Kwa maonyesho ya miguu ni kitu cha kujinasia tu.

Hatua ya sita: mkononi

Njia hii imesahauliwa, nami naitumia kuliko zote. Upanga uko ndani ya ala, mkanda umezungushwa kuizunguka ala, na kitu chote kimeshikwa mkononi au kuegemezwa begani. Huko Naumburg, sanamu ya bwana mmoja aitwaye Sizzo imeuinua upanga begani ukiwa alani. Michoro ya enzi hizo humwonyesha mtawala au hakimu akiwa na upanga uliovingirishwa mkanda wake: mamlaka yapo, vita havipo.

Tena si ya heshima tu. Fiore dei Liberi, mwalimu wa upanga wa Italia aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 15, ana mafunzo ya mtu anayeshambuliwa kwa kisu akiwa na upanga wake alani mkononi. Anakinga kwa ala yenyewe kwanza. Ukiingia ukumbini, mgahawani, au popote penye vikombe vya udongo, vua mkanda, uvingirishe, ushike upanga chini ya msalaba ncha ikielekea chini. Kila mtu anatulia, na wewe unakaa popote.

Juu ya farasi, na yale majitu

Kiuno kinafaa farasini, mradi ala ilale nyuma ya paja na isimpige mnyama ubavuni. Ala iliyosimama wima humchoma kila hatua, na farasi hana subira ya kukuuliza kulikoni. Upanga wa ziada au mrefu mno unaweza kufungwa kwenye tandiko, ncha nyuma, chini ya mguu wa kushoto. Wapanda farasi wa Poland na Hungary walibeba hivyo panga zao ndefu za kuchoma baada ya Zama za Kati. Ubaya wake unajieleza: ukianguka, farasi anaondoka na upanga.

Panga za sm 170 hazivaliwi. Zilibebwa begani kama mkuki, au kwenye gari la mizigo. Kwenye gwaride weka kitambaa begani na acha nafasi ya mtu mmoja nyuma yako.

Hatua ya saba: njiani kabla ya kufika

London ya mwaka 1285 ilikataza kwa sheria ya mfalme Edward wa kwanza mtu kuzurura na upanga na ngao baada ya kengele ya usiku, kwa hiyo shida ya kubeba upanga mjini si ya leo. Ujerumani ya sasa hairuhusu kutembea na upanga hadharani bila sababu inayotambulika, kama maonyesho au kupiga filamu, na kuusafirisha ni ndani ya chombo kilichofungwa. Uingereza nako chombo cha makali hadharani kinahitaji sababu ya kuridhisha. Popote ulipo, ulizia polisi kabla ya siku ya tukio, kisha utie upanga kwenye mfuko mrefu wenye zipu na kufuli ndogo, na uuvae ukishafika. Kwenye ndege unaingia na mizigo ya chini, baada ya kuuliza shirika.

Jioni

Ukirudi, toa upanga alani. Usiuache ulale humo. Ngozi hushika unyevu na jasho, na asubuhi utakuta madoa ya kutu yenye umbo la ala yako. Futa kengee kwa kitambaa kikavu, pakaza mafuta ya mashine mepesi, uutundike mahali pakavu na watoto wasipofikia. Ala iliyolowa ikaukie kivulini, mdomo ukielekea chini, mbali na moto. Mkanda ufungue fundo. Ngozi iliyokaukia kwenye fundo hupasuka hapo hapo.